Pattaya msimu wa mvua, wageni wachache na wakora wale wale

Mhariri,

Chama chetu hapa Kibuye tumechanga miaka 2 na sasa wenzangu wamekubaliana, Septemba wanaenda Thailand, Pattaya, juu mtu fulani amewaambia huo ndio mwezi wa bei rahisi. Na ni kweli ni rahisi. Mimi nilikuwa huko Septemba mwaka jana na mdogo wangu wa kiume, tulikuwa tumeenda Bangkok kununua nguo pale soko la Pratunam venye wengi wetu wa nguo hufanya, tukasema haiwezekani turudi Kisumu bila kukanyaga bahari, tukapanda basi tukakaa Pattaya siku 4. Hoteli yenye Disemba singethubutu hata kuuliza bei nililipa bila kuumia. Lakini kuna mambo hao wamama hawajaambiwa na mimi nimechoka kuyarudia kwa mmoja mmoja sokoni, ndio nikaona niandike kwa gazeti wasome wote mara moja.

Kwanza muelewe msimu wa chini ni nini. Wageni wanapungua, lakini wenye kula kwa wageni hawapungui. Mwenye jetiski, ile pikipiki ya majini, ako pale pale, wa tuktuk ako pale pale, wa kukushona suti amesimama mlangoni, na ufuo mzima labda mko wageni kumi na miavuli yenu. Disemba walikuwa wanagawana dunia nzima, sasa wanagawana wewe. Mtu wa Kisumu anajua hii. Enda ufuo wa Dunga Jumanne asubuhi mvua ikinyunya uone wenye maboti watakuzunguka namna gani, halafu enda Jumapili mchana uone kama kuna mwenye atakuangalia mara mbili.

Na kuchotwa kwenyewe kunaanzia hapa nyumbani. Tangu Mei 1, 2025, Thailand inataka kila mgeni ajaze fomu ya kuingia kwa intaneti ndani ya siku 3 kabla ya kufika, inaitwa TDAC. Fomu hiyo ni bure. Ejenti fulani hapa mjini alinitoza shilingi 4,000 akaniambia ni ya kadi ya kuingia, na mimi nikatoa kama mjinga, mdogo wangu akaingia mwenyewe kwa tovuti ya uhamiaji wa Thailand akamaliza yake akiwa kwa foleni ya chapati, hakulipa hata senti. Kuna tovuti zingine zimepambwa zifanane na ile ya serikali zinaitisha dola, sasa ukiona fomu hiyo inataka namba ya kadi ya benki toka hapo mbio. Viza ni kitu kingine, hiyo Mkenya analipia na inaombwa pia kwa intaneti. Na sindano ya homa ya manjano udungwe angalau siku 10 kabla ya safari, wanaangalia ile kadi, usiende kununua kadi tupu bila sindano juu hapo umejilaghai mwenyewe. (Ukiambiwa safari utalipiwa yote juu kuna kazi nzuri inakungoja huko, hiyo sio likizo. Kuna vijana wa Kenya walienda hivyo hivyo kupitia Thailand wakajipata Myanmar wamefungiwa kwa majumba ya kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni.)

Pesa nitasema kwa haraka. Baht 1 ni karibu shilingi 4, piga hesabu hiyo kichwani kila wakati usidanganywe na namba ndogo. Mashine za benki huko zinakata kadi ya kigeni zaidi ya baht 200 kila ukitoa, hata ukitoa kidogo, kwa hivyo toa mara moja. Halafu mashine itakuuliza kama unataka ikuhesabie kwa pesa ya nchi yako, inauliza kwa upole kabisa, kataa, hesabu yao ni ya kukuumiza. Sisi wa nguo hubeba dola za noti ya 100, mpya, hazijakunjwa, na kubadilisha mjini sio eyapoti, noti ndogo ndogo wanakupa bei mbaya.

Sasa tuktuk. Sisi watu wa Kisumu tunajidai tuktuk ni zetu, na ndio maana nilishikwa vizuri. Bangkok nje ya Grand Palace, ile ikulu ya zamani, mzee amevaa shati safi na kitambulisho shingoni akaniambia kwa heshima zote, madam leo wamefunga, kuna sherehe, lakini kuna tuktuk itakuzungusha mahekalu matatu kwa baht 20 pekee. Baht 20 ni shilingi 80, yaani hiyo hata Kondele hupati kwa kuzungushwa asubuhi yote! Nikapanda. Hekalu likawa moja, maduka yakawa mawili, moja la vito na lingine la suti, na dereva hanywi chai mpaka uingie, juu duka ndilo linamlipa yeye kwa kukuleta. Nilitoka bila kununua kitu, akanuna, akatushusha kwa barabara sijui gani. Kumbe Grand Palace ilikuwa wazi muda huo wote, kawaida inafunguliwa kila siku saa mbili unusu asubuhi na kiingilio ni baht 500, unafaa tu kutembea mpaka langoni uulize mwenye kukata tiketi mwenyewe.

Pattaya yenyewe usafiri sio shida kama utanyamaza. Kutoka Bangkok ni kama kilomita 150, tuseme Kisumu kwenda Kericho na kurudi, na basi za kituo cha Ekkamai pale Bangkok zinatoza chini ya baht 200, hata eyapoti ya Suvarnabhumi kuna basi la moja kwa moja, hakuna haja ya yule jamaa wa teksi anakuitisha maelfu. Ndani ya mji kuna pikapu zenye mabenchi mawili nyuma zinazunguka barabara ya ufuoni. Unaruka unakaa, ukifika unabonyeza kengele, unashuka unampa dereva pesa na kwenda zako. Mimi nililipa baht 10. Siri ni usimuulize bei. Ukisimama kwa dirisha uulize ni ngapi mpaka Walking Street, ile barabara ya baa, hapo umekodisha gari nzima na itakuwa baht 200. Na upande ile iko na watu ndani tayari, ile tupu imeegeshwa inakungoja iache iendelee kungoja.

Jetiski ndio ilinifanya nishike kalamu. Tulipata moja ufuoni, baht 1,000 nusu saa, na mwenyewe akataka pasipoti yangu akae nayo. Nikakataa, nikampa kopi. Pasipoti usiachie mtu, awe wa jetiski ama wa kukodisha pikipiki, juu ukishamwachia mabishano yote yanayofuata yeye ndiye ameshika pembe wewe umeshika mkia. Halafu kuna tabia moja niko nayo ya kazi, kila mzigo nikituma Busia ama Kakamega kwa matatu napiga picha kwanza, gunia lote, pande zote, nimeshapoteza mali ya kutosha. Sasa bila hata kufikiria nikatoa simu nikazunguka ile jetiski nikachukua video, mpaka chini ya pua. Jamaa hakufurahi, nikaona uso umebadilika, nikaendelea.

Mdogo wangu akaiendesha, kurudi ufuoni jamaa watatu wakaja wakainama wakaonyesha mkwaruzo chini ya pua. Baht 25,000! Hiyo ni laki moja ya shilingi. Sauti zikapanda, mwingine akasema atatupeleka dukani atupatie bei ya rangi, mwingine anajifanya mtu mwema wa kati anatuombea punguzo, kumbe wote ni timu moja. Mdogo wangu akaanza kutetemeka, dada wacha tuwape tuende. Nikatoa video. Mkwaruzo ule ule, mahali pale pale, kabla hajapanda. Wakasema huo ni mwingine. Nikapiga 1155, hiyo ndiyo namba ya polisi wa watalii, wanashika simu kwa Kiingereza, nikaweka sauti ya juu wote wasikie. Ile 25,000 ikawa 10,000, ikawa 3,000, na nikiwa bado naeleza polisi tuko upande gani wa ufuo wakaanza kusukuma jetiski yao majini kama watu wamekumbuka kazi nyingine. Baadaye jioni ndio nikajua mdogo wangu alikuwa amewapatia baht 500 kichinichini. Mpaka leo hatujamaliza hiyo kesi.

Kuna na hii ya boti. Kisiwa cha Koh Larn kinaendewa na feri kutoka gati ya Bali Hai, baht 30, kama dakika 45. Tulipofika gatini mtu akatukimbilia, feri leo haiendi, mawimbi, boti yangu ya kasi ni 3,000. Tukampita tukatembea mpaka mwisho wa gati, feri ilikuwa inapakia watu, Wathai wamebeba vyakula vyao. Lakini msimu wa mvua siku zingine ni kweli bahari imechafuka, na hapo msikubali mtu awaambie yeye anaweza. Phuket, Julai 5, 2018, boti ya watalii iliyoitwa Phoenix ilizama kwa dhoruba, watu 47 wakafa, na tahadhari ya hali ya hewa ilikuwa imetolewa. Mkiona bendera nyekundu ufuoni msiingie majini, hata kama mwenye boti ameshusha bei mpaka nusu. Wavuvi wetu wakiona upepo umegeuka hawabishani na ziwa, sasa nyinyi wa kuuza nguo mnabishana na bahari ya wenyewe kwa nini.

Usiku sina mengi, tulikuwa tunalala mapema. Ukikaa mahali pa vinywaji kila oda wanaweka kikaratasi cha bili kwa kikombe mbele yako, hesabu hivyo vikaratasi kila vikiongezeka, na ukiitwa upande ngazi ati juu kuna onyesho la bure, usipande. Pikipiki pia niwaambie tu msikodishe. Mvua moja ya jioni ilijaza barabara ya ufuoni maji mpaka magotini, na bila leseni ya kimataifa polisi anakuandikia na bima haikulipi.

Mhariri, naomba muichapishe kabla ya Jumamosi, ndio mkutano wetu wa mwisho kabla ya kukata tiketi. Video ya jetiski bado iko kwa simu yangu, nitaenda nayo mkutanoni. Na hiyo fomu ya TDAC ikifika siku zake nitawajazia mimi wote kumi na mmoja, malipo ni soda baridi.

Mama Nguo,
Kibuye, Kisumu.