Huo ushei ni nani?

Columbus, Ohio
Jumapili jioni, Novemba

Shoga yangu Mama Tima,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, ila baridi imeshabisha hodi na mimi bado sijaizoea, mwaka wa tisa sasa. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili nikiwa jikoni. Umeniuliza watoto wa Marekani wanasomeshwa nini kuhusu mwanzo wa nchi yao, na ile klabu ya vitabu niliyokutajia inaendeshwaje, maana nawe wataka kuijaribu na Gredi ya nane yako. Nimeona nikuandikie. Kwa sauti ningepotea njia.

Mimi pia nina darasa la nane. Hapa Ohio huo ndio mwaka wa historia ya Marekani, kuanzia 1492 hadi 1877, na miezi ya mwanzo huishia kwenye makoloni. Kitabu cha kiada kina jedwali la safu tatu: makoloni ya New England, ya kati na ya kusini, jumla 13. Samaki na mbao huku, ngano pale, tumbaku na mpunga kule. Mtihani unalitaka jedwali hilo, na watoto hulikariri vizuri tu. Wiki mbili baadaye waulize Georgia iko wapi, wakutazame kama umewauliza njia ya kwenda Gede.

Kwa hiyo nimetundika kamba ya nguo ukutani. Kila tukio tulisomalo huandikwa kwenye kadi, likabanwa kwa kibanio mahali pake. Ya kwanza ilikuwa Roanoke, 1587: Waingereza zaidi ya 100 waliachwa kisiwani, gavana wao John White akarudi kwao kutafuta msaada, na alipofika tena mwaka 1590 hakukuta mtu, ila neno CROATOAN limechongwa kwenye nguzo. Watoto hupenda sana habari hiyo, ni kama hadithi ya majini. Karibu yake nikabana kadi yangu mwenyewe: 1593, Wareno waanza kujenga Fort Jesus, Mombasa. Mtaala haukuitaka. Niliitaka mimi.

Sasa klabu. Niliweka mezani vitabu sita kuhusu enzi hizo, vingi riwaya, kila kimoja nakala tano. Nikawapa dakika mbili mbili wakionje kila kitabu: jalada, ukurasa wa kwanza, na mmoja wa katikati. Kisha kila mtu aliandika chaguo lake la kwanza, la pili na la tatu, nami nikayapanga makundi kwa kufuata hayo. Wavulana wanne wa nyuma walichagua kitabu chembamba kuliko vyote bila hata kukifungua. Niliwaachia. Ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote, na nilijua.

Ijumaa ya kwanza ilinivunja moyo. Nilifuata nilivyofundishwa kwenye semina: huyu muulizaji, huyu wa kutafuta maneno magumu, huyu mchoraji, huyu wa muhtasari, na kila mmoja ana karatasi yake ya kujaza. Wakajaza. Wakasomeana kwa zamu kama wajumbe wa mkutano wa wazazi, na baada ya dakika sita walikuwa wameshahamia kwenye mpira. Wiki iliyofuata karatasi zote nilizitia jaani. Nikawaambia: njoo na sentensi moja tu iliyokusimamisha, ibandike alama, uisome kwa sauti, kisha useme kwa nini ulisimama. Zilivyozuka kelele, mwalimu wa chumba cha pili alikuja kuchungulia.

Kundi moja lilikuwa linasoma habari za Jamestown, Virginia. Mwaka 1607 walishuka pale wanaume na wavulana 104, wengi wao mabwana wasiojua kushika jembe, wametumwa na kampuni ya London iliyokuwa inatafuta faida. Baridi ya 1609 kuamkia 1610 ilikuja na njaa, na kati ya watu wapatao 300 wakabaki 60 hivi. Mwaka 2013 wanaakiolojia walitangaza kwamba wamepata mabaki ya msichana wa miaka kama 14, mifupa yake ina alama za kukatwa. Wenzake walimla baada ya kufa. Binti mmoja wa Kisomali, ambaye tangu Agosti hajawahi kunyanyua mkono, alama yake aliibandika hapo. "Kumi na nne ni mimi," alisema. Kundi zima likanyamaza, na mimi nikajifanya natafuta kalamu.

Lakini niliyetaka kukuhadithia hasa ni kijana mmoja Mkongomani, aliyekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Kiswahili chake kina Uvira ndani na Kasulu juu, ukikisikia utakipenda. Darasani huwa hakitumii kabisa. Kundi lake lilifika mwaka 1619, nikawapa kipande cha barua ya John Rolfe, yule aliyekuwa mume wa Pocahontas, binti wa chifu wa wenyeji. Aliiandika mapema mwaka 1620 kueleza kwamba Agosti iliyopita ilifika meli, na haikuleta kitu isipokuwa Waafrika kadhaa, nao wakabadilishwa na chakula. Idadi yao hakuikamilisha. Aliikadiria: "20 and odd". Kijana akaja mezani kwangu na ile karatasi, akaniuliza kwa Kiswahili, "Mwalimu, hapa sisi tungesemaje?"

Nikafikiri. "Ishirini na ushei, yaani na kidogo juu yake."

Akacheka. "Ushei ni ya pesa, Mwalimu. Ama ya miaka ya mzee." Kisha akaitazama tena karatasi. "Sasa huo ushei ni nani? Ni watu wawili? Ni tisa?" Akageuka akaitazama kamba, mpaka kwenye kadi ya Roanoke. "Wale waliopotea, majina yao yapo?" Yapo, nikamwambia, orodha yao ilichapishwa. "Basi waliopotea wana majina, na hawa waliofika hawana."

Nilirudi nyumbani na maneno yake kichwani. Watu wale, shoga, walitekwa Ndongo, Angola ya leo, katika vita vya Wareno, wakapakiwa Luanda kwenye meli ya Kireno iliyokuwa ikielekea Mexico. Maharamia wa Kiingereza wakaivamia baharini wakagawana watu. Na Luanda Wareno waliianzisha miaka ya 1570. Ni haohao wa kadi yangu ya Fort Jesus, mkono mmoja kule, mkono mwingine kwetu. Miaka yote nimesomesha mambo haya mawili kama ya dunia mbili. (Wala nisijifanye sisi wa Pwani ni watazamaji tu. Mashamba ya Malindi yalilimwa na nani?)

Lugha ya Ndongo ni Kimbundu. Jumatatu niliandika ubaoni, bila kusema ni ya wapi: moxi, yadi, tatu, wana, tanu. Hiyo x husomwa kama sh yetu. Sijafika mwisho, kijana kasimama: "Tatu ni tatu!" Nikamwambia hata mtu kwao ni mutu. Wenzake hawakuelewa mwalimu na mwanafunzi wanacheka nini, na kwa nini mmoja wao anapangusa macho. Nikawatahadharisha kwamba tusingeelewana nao kwa mazungumzo. Ni kama binamu wa mbali, mnafanana pua tu.

Jina moja nilimpa. Katika hesabu ya watu ya Virginia ya mwaka 1625 yumo mwanamke aliyeandikwa Angelo, anaishi nyumbani kwa Kapteni William Peirce pale Jamestown. Wanahistoria humwita Angela. Alikuja na meli ya pili, siku chache baada ya ile ya kwanza, kutoka shehena hiyohiyo. Hata hilo ni jina la ubatizo wa Wareno, alilopewa na mamake halikuandikwa. Kijana akachukua kadi, akaandika kwa Kiswahili: "1619. Watu 20 na ushei, na Angela." Akaibana kabla ya kadi ya 1620, ya Mayflower, meli iliyoleta Waingereza Plymouth. Mkuu wa shule alipopita akaniuliza imeandikwa nini. Nikamwambia mwenye kadi yule pale, muulize.

Alhamisi ya wiki ijayo shule imefungwa, ile sikukuu yao ya bata mzinga, Thanksgiving. Watoto wanajua kwamba Wazungu wa Plymouth walikula pamoja na Wawampanoag, wenyeji wa huko, mwaka 1621. Hawakujua kwamba Tisquantum, aliyewaonyesha jinsi ya kupanda mahindi, alikijua Kiingereza kwa sababu alitekwa mwaka 1614 akauzwa Hispania, kisha akaishi Uingereza, na aliporudi kijiji chake kilikuwa kimekwisha kwa maradhi. Kadi yake imeandikwa na wale wavulana wa kitabu chembamba.

Wewe usingoje nakala tano tano, utangoja mpaka ustaafu. Toa fotokopi ya kurasa mbili, ketisha watoto wanne wanne, mmoja asome kwa sauti, kila mtu achague sentensi yake. Anza na mwaka 1631, Sultani Yusuf bin Hasan alivyowapindua Wareno ndani ya Fort Jesus. Ngome yenyewe wanaiona kwa macho. Makundi ya wanne, wasizidi. Kwenye sita wawili watalala.

Nisalimie mama na Tima. Halafu niulizie kwa bibi zetu wa Mji wa Kale: wao hutumia ushei kuhesabu watu, au ni ya pesa na miaka tu? Nimejaribu kukumbuka nimeshindwa, na kijana kashaniuliza mara mbili.

Wako shogayo,
Mwalimu wa baridini