Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu

Ndugu wanachama, dada zangu,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Vikao vya kusoma vilifanyika kila mwezi isipokuwa Januari, theluji ilipotufungia ndani. Darasa la Kiswahili la watoto liliendelea, msiba mmoja tulihani, arusi mbili tulihudhuria. Wanachama ni 38, waliolipa ada ni 15. Mapato, ada na michango pamoja, dola 1,140. Matumizi dola 1,065. Risiti zote anazo mweka hazina.

Sasa niingie kwenye lile linalosemwa kwenye simu tangu Juni: safari ya Rochester na yale maua tuliyoweka makaburini.

Mwaka huu tulisoma habari za wanawake wa Marekani waliopigania haki ya kupiga kura. Mimi ndiye niliyependekeza tusome ugomvi wao, si ushindi wao tu, na bado nasema nilipendekeza jambo jema. Tunaishi Syracuse, jimbo la New York, mambo haya yametuzunguka. Upande huu Fayetteville, alikoishi Matilda Joslyn Gage, mmoja wa viongozi wao. Upande ule Seneca Falls, palipofanyika mkutano wa haki za wanawake wa Julai 1848. Mbele yake Rochester.

Maneno yalizuka tulipoufikia mwaka 1869. Ambao hamkuja mmeyasikia nusunusu, kwa hiyo nayarudia. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, waliotetea kura ya wanawake na waliotetea kura ya watu weusi walikuwa chama kimoja. Yakaja Marekebisho ya 15 ya Katiba: mtu asinyimwe kura kwa sababu ya rangi. Mwanamke hakutajwa. Elizabeth Cady Stanton na Susan B. Anthony, viongozi wa wanawake, wakayapinga. Frederick Douglass, kiongozi wa watu weusi, yule yule aliyesimama Seneca Falls kutetea kura ya wanawake, akasema kwa watu wake hili ni la kufa na kupona, wanaburutwa kutoka majumbani na kunyongwa kwenye nguzo za taa. Akaulizwa, je, mwanamke mweusi hayamfiki? Akajibu yanamfika, lakini kwa weusi wake, si kwa uanamke wake. Lucy Stone, mwanaharakati mwenzao, akasema atashukuru yeyote akitoka katika shimo lile la kunyimwa haki. Stanton alitoa maneno ya kuwadharau wanaume weusi na wahamiaji ambayo siyarudii mbele ya watoto. Mwaka huo huo vikazaliwa vyama viwili, cha Stanton na Anthony mwezi Mei mjini New York, na cha Stone mwezi Novemba huko Cleveland. Miaka ishirini hawakuketi mkeka mmoja.

Basi, tukiwa njiani kwenda Rochester, swali likawa hili: Anthony kazikwa makaburi ya Mount Hope, na Douglass kazikwa hapo hapo. Shada la chama anawekewa nani? Dada zetu wa Kongo walisema Anthony hawamwekei hata jani. Wengine wakasema Douglass aliwatanguliza wanaume. Basi zima likawa soko. Nikaamua mashada mawili, ya bei moja, dola 28 kila moja. Sikuitisha kura. Katiba yetu inamruhusu mwenyekiti kutumia hadi dola 60 bila kikao, na 56 haizidi 60.

Naomba mnielewe kwa nini. Tarehe 20 Februari 1895, Douglass alihudhuria mkutano wa wanawake mjini Washington, akaketi jukwaani pamoja na Anthony. Akarudi nyumbani, akafariki siku hiyo hiyo. Kwenye mazishi Anthony akasoma salamu zilizoandikwa na Stanton. Lakini sikuficha la pili. Mwaka huo huo Anthony alikuwa amemwomba Douglass asiende kwenye mkutano wao wa Atlanta, wazungu wa Kusini wasije wakakasirika, na Ida B. Wells, mwandishi mweusi, alimwambia Anthony usoni kwamba alikosea. Nililisoma hilo kaburini kwa sauti yangu mwenyewe kabla shada halijawekwa. Ua halifuti neno.

Baadaye, kwenye bustani karibu na nyumba ya Anthony, tuliona sanamu zake na Douglass wakinywa chai. Mtoto wa katibu alishika kikombe cha shaba akauliza mbona ni baridi. Hapo ndipo waliokuwa wamenuniana tangu asubuhi walipoanza kusemezana.

Nimeambiwa nimewatenda kama alivyotendwa Gage. Neno hilo limeniuma. Upatanisho wa vile vyama viwili ulisukumwa na vijana, akiwemo Alice Stone Blackwell, binti wa Lucy Stone. Februari 1890 vyama vikaungana: Stanton rais, Anthony makamu, Stone mwenyekiti wa kamati ya utendaji. Gage alilalamika kwamba uamuzi ulipitishwa bila wanachama kushirikishwa ipasavyo, akatoka, akaanzisha chama chake. Lake lilikuwa uhai wa chama kizima. Langu lilikuwa maua. Na kama ni kusahauliwa, waliosahauliwa zaidi ni akina Frances Harper, aliyesimama mwaka 1869 kama mwanamke mweusi katikati ya kambi mbili. Mwaka 1896 wanawake weusi wakaunda shirikisho lao wenyewe, na Harper akawa mmoja wa makamu wa rais. Haya nilitaka tuyajadili sote. Kikao chetu cha upatanisho cha Novemba walikuja watu wanne, pamoja nami na mwenye nyumba. Ubwabwa ulibaki sufuria nzima.

Kuhusu ada: Anthony alipoliachia wengine gazeti lake mwaka 1870, alibaki na deni la dola 10,000. Alizunguka akitoa mihadhara mpaka akalimaliza mwaka 1876. Sisi ada yetu ni dola 40 kwa mwaka, na wanachama 23 hawajalipa.

Mwakani tunatumaini, Mungu akipenda, kufika Fayetteville kwenye kaburi la Gage. Jiwe lake linasema kuna neno tamu kuliko mama, nyumbani au mbinguni, nalo ni uhuru. Nauli na tarehe vitatangazwa. Mwenye neno kuhusu maua alitoe leo, kabla ya uchaguzi. Mweka hazina ameketi mlangoni na daftari la ada.

Mwenyekiti