Maua ya Hakodate yalipandwa na gazeti, na sisi Mombasa je?

Kwako Mhariri,

Kila ikifika Machi na Aprili simu zetu hapa Mombasa zinajaa picha za sakura, yale maua ya Japan ya rangi ya waridi iliyopauka, na watu wanaanza kuulizana tiketi ni bei gani na viza inachukua muda gani. Na karibu kila picha ni ya Tokyo au Kyoto. Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako niseme kuhusu mji mwengine, manake naona watu wetu wanaenda kumaliza akiba zao kusimama kwenye umati, na pia nina ombi kwako wewe mwenyewe mhariri, nitalifikia.

Mji wenyewe unaitwa Hakodate, uko kusini kabisa mwa kisiwa cha Hokkaido. Ni mji wa bandari kama wetu, tena mdogo kuliko wetu, watu wake hawafiki hata robo milioni. Bandari yake ilifunguliwa kwa biashara ya meli za kigeni mwaka 1859, pamoja na Yokohama na Nagasaki, ndio ukipanda ile miteremko ya mtaa wa Motomachi unakuta kanisa la Warusi, kanisa la Wakatoliki na hekalu la Wabudha yote yanaangaliana, na chini kule unaiona bahari. Sisi tuliokulia mji ambao adhana na kengele zinasikika kwa dirisha moja hatuoni ajabu, tunajiona tumefika nyumbani. Sokoni asubuhi ni ngisi, kaa na samaki, na wauzaji wanakuita ukaonje kama wale wa kwetu tu.

Mimi nashughulika na magari ya mtumba yanayoshuka bandarini hapa, na ni kazi hiyo iliyonipeleka Japan. Nilipomaliza nikapanda treni ya kasi, ile shinkansen, kutoka Tokyo. Tangu 2016 inafika mpaka nje ya Hakodate, safari ya kama saa nne, halafu unaunganisha treni ndogo mpaka mjini, na njiani unapita chini ya bahari kwenye tundu la Seikan lenye urefu wa karibu kilomita 54. Kilomita 54 mhariri! Mtu wa Likoni anayengoja feri kila siku akipita pale lazima moyo umuume, lakini hilo nitaliandikia barua yake.

Sasa maua. Kitu ambacho wengi wetu hatujui ni kwamba sakura haichanui nchi nzima kwa pamoja, inaanza kusini Okinawa mwezi wa kwanza, inafika Tokyo mwisho wa Machi hivi, inapanda pole pole na joto mpaka Hokkaido mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, ingawa miaka hii ya karibuni joto limezidi na huko Hakodate nako inawahi. Kwa hivyo mtu aliyechelewa Tokyo bado anaiwahi Hakodate wiki kadhaa baadaye. Na wenzetu wanavyofuatilia ni jambo la kupendeza sana, idara yao ya hali ya hewa ina miti maalum ya kuangalia, afisa anaenda kuutazama mti kwa macho yake, akiona maua matano au sita yamefunguka anatangaza kuwa msimu umeanza, na watu wanangojea tangazo lile kama sisi tunavyongojea mwezi uandame. Asilimia 80 ikishafunguka wanasema imetimia, na hapo una kama wiki moja hivi, mvua na upepo vikiingilia hata hiyo wiki huipati.

Aina iliyojaa ni ile inayoitwa Somei Yoshino, ambayo haioteshwi kwa mbegu, inaunganishwa kikonyo kwa kikonyo kutoka mti mmoja hadi mwengine, kwa hivyo yote kwa asili ni mti mmoja, na ndio sababu mtaa mzima unachanua siku moja na kupukutika siku moja.

Hakodate maua yako ndani ya ngome, inaitwa Goryokaku, na ngome hii ina umbo la nyota yenye pembe tano imezungukwa na maji pande zote. Ilichorwa na Takeda Ayasaburo kwa kufuata ngome za Ulaya, ujenzi ukaanza 1857, na mwaka 1868 wafuasi wa utawala wa zamani wa Shogun, yule jemadari mkuu aliyeishika nchi, wakaiteka chini ya Enomoto Takeaki, wakapigana na serikali mpya mpaka wakasalimu amri 1869. Yaani pale ni mahali pa mizinga na vita. Leo ni bustani, kuingia ni bure, ina miti ya sakura kama 1,500 hivi, na kando yake kuna mnara wa mita 107 ambao ukipanda (huo unalipia) unaiona nyota nzima imejaa rangi ya waridi mpaka kwenye kona zake. Nilisimama juu pale nikawa sina la kusema ila mashaallah. Chini watu wametandika majamvi, viatu wamevua pembeni, wazee, watoto wa shule, maofisa na tai zao, Hokkaido wana mila yao ya kuchoma nyama ya kondoo chini ya maua wanaiita jingisukan, harufu inakufuata kila mahali (sisi Waislamu tuulize kwanza imechinjwa vipi, mimi nilikula samaki nikashiba), wengine wako kwa vimashua wanapiga makasia kwenye maji ya ngome na petali zinawadondokea kichwani. Na hakuna kusukumana. Kuna watu, ndio, tena wikiendi na ile likizo yao ndefu ya mwisho wa Aprili hoteli zinajaa kwa hivyo agiza chumba mapema, lakini si kama Kyoto ambako mwaka 2024 wakaazi wa mtaa wa Gion walichoka mpaka wakafunga baadhi ya vichochoro vyao kwa watalii.

Haya, sasa nije kwa lililonifanya niandike. Miti ile haikuota yenyewe, na haikupandwa na mfalme. Ilipandwa na gazeti! Miaka ya 1910, ngome ilipokuwa inageuzwa kuwa bustani ya watu wote, gazeti la mji ule, Hakodate Mainichi, lilikuwa linasherehekea toleo lake la 10,000, na badala ya kufanya karamu likaamua kupanda sakura, maelfu ya miche kwa miaka kama kumi. Wale walioshika majembe hawako tena, gazeti lenyewe sidhani kuna kijana anayelikumbuka, lakini mji mzima unatoka nje kila mwaka kwa sababu yao.

Na sisi tuna ngome mhariri. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593, ikazingirwa, ikapigwa mizinga, ikafanywa jela mpaka miaka ya 1950, sasa ni makumbusho na iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011. Tuna bustani ya Mama Ngina na mibuyu yake mizee ambayo ilikuwepo kabla yetu sote. Tuna msimu wetu pia ila hatuutangazi, mvua za vuli zikikaribia ile miti ya maua mekundu iliyotokea Madagascar inawaka mji mzima, mbuyu unafungua maua yake meupe magharibi ikiingia, popo wanakuja kuyanywa usiku, na kesho yake yako chini. Kuna Mkenya yeyote aliyewahi kualikwa kwenda kuangalia mbuyu ukichanua? Mwaka 2022 tulisikia tu mibuyu ya Kilifi inang'olewa inapelekwa nchi ya Georgia, wenzetu wameona thamani yake mbele yetu. Na mama zetu wa Mji wa Kale mpaka leo wanashona vikuba vya asumini na wanakijua kilua kwa harufu tu kabla hawajakiona, kwa hivyo mtu asiniambie maua si mambo ya Waswahili.

Sisemi tulete sakura hapa. Haitachanua, ule mti unahitaji baridi ya miezi ili uamke, na baridi hatuna. Nasema tupande ya kwetu na tuitunze, na kutunza ndiko kugumu. Mtaani kwetu waliwahi kuja wakubwa na msafara, miche ikapandwa, picha zikapigwa, baada ya hapo hakuna aliyeleta hata ndoo ya maji, ikakauka yote kabla ya masika. Sakura za aina ile watu husema huchoka zikifika miaka 60, lakini mji wa Hirosaki, ng'ambo ya mlango bahari kutoka Hakodate, una mti uliopandwa 1882 na unatoa maua mpaka leo kwa sababu watunza bustani wanapogoa kwa ujuzi uliotoka kwa kilimo cha matufaha. Ni mikono tu ya watu wanaorudi kila mwaka.

Ombi langu basi ni hili. Gazeti lako lianze, si kaunti wala mfadhili. Chagueni kipande kimoja, iwe pembeni ya Fort Jesus kwa ruhusa ya makumbusho au kule Mama Ngina, waulizeni watu wa misitu miti gani ya pwani inafaa, wasomaji tuchangie miche, na kila vuli muandike ukurasa wa mbele kwamba maua yameanza ili watu watoke na mikeka na watoto wao. Mimi ahadi yangu naiandika hapa mbele ya wasomaji wote, miche kumi ya mwanzo naigharamia, na maji yake ya miaka miwili ya kwanza pia niachieni mimi.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa