Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Mbeya tunaomba treni ya asubuhi na jioni

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia, ingawa uvumilivu umeniishia. Juzi alfajiri lori lilifeli breki mteremko wa Iwambi, likalala likaziba barabara yote. Daladala yetu kutoka Mbalizi ikazima injini, konda akasema anayeweza kutembea atembee. Mama yangu alikuwa na kliniki ya moyo hospitali ya rufaa. Hawezi mwendo. Bodaboda walitaka hela ambayo sikuwa nayo. Tukakaa humo humo hadi mchana, mama kaegemea dirisha, kajiziba pua kwa kanga kwa vumbi la mchepuko. Tulipofika, kliniki imefungwa. Tumepangiwa mwezi ujao.

Na reli ipo, Mheshimiwa! Stesheni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, iko Iyunga, ndani ya jiji. Reli hiyo ilijengwa kuanzia 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, na kati ya Mlimba na Makambako milima ilitobolewa mahandaki wakati nchi ikiwa maskini kuliko leo. Wenzetu wa Kolkata, India, mwaka 2024 wamefunguliwa treni ya mjini inayopita chini ya mto Hooghly, mita 520, na abiria wanavuka kwa chini ya dakika moja. Sisi hatuombi mtu apite chini ya mto wala atoboe mlima Loleza. Kazi ngumu ilishafanyika enzi za Mwalimu.

Dar es Salaam walipewa treni ya mjini mwaka 2012 juu ya reli hii hii, wakaiita treni ya Mwakyembe, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo. Huyo alikuwa mbunge wa Kyela, mkoa wetu. Huku haikufika.

Tunaambiwa tusubiri barabara ya njia nne, Nsalaga hadi Ifisi. Tunasubiri. Ila malori ya Tunduma yatazijaza zote nne, na mteremko utabaki pale pale. Labda tatizo ni injini, labda abiria hatulipi kama shaba ya Zambia, sijui. Najua mwaka 2025 ulisainiwa mkataba wa dola bilioni 1.4 wa kufufua TAZARA. Humo kweli mmekosa mabehewa manne ya watu wa Mbeya?

Treni moja asubuhi, moja jioni, Igurusi hadi Vwawa kupitia Iyunga. Ombi langu ni hilo tu. Na utujibu kwa tarehe, Mheshimiwa. “Mchakato unaendelea” tumeshausikia vya kutosha.

Wako,
Mkazi wa Mbalizi