Barua kwa Brayo: ya pili si kama ya kwanza

Brayo mwanangu,

Nimeskiza ile voisi yako ya kwamba umeshikwa tena ukiendesha umelewa, na pale unasema "dadi usiwe na stresi, ile ya kwanza ilikuwa 2021, nililipa ikaisha" ndio pamenifanya niandike badala ya kupiga simu, maana kwa simu tungegombana tu na mama yako angeninyang'anya.

Haijaisha. Hapo Texas kesi ya kuendesha ukiwa umelewa haizeeki. Huyo beste yako wa California anakuambia ya kwao, kule wanarudi nyuma miaka 10, lakini kwenu Houston hata ingekuwa ya miaka 20 iliyopita, hata ungeshikiwa jimbo lingine, mwendesha mashtaka anaitoa kwa faili anaiweka mbele ya jaji. Sisi huku Kenya tumezoea mtu ananaswa na alkoblo, kale ka polisi ka kupima pombe, analala seli, asubuhi kortini, analipa faini anarudi kazini kama kawa, na nadhani wewe ulienda na hiyo akili kwenye begi.

Sasa skiza. Ile ya kwanza ilikuwa masaa 72 hadi siku 180 ndani, faini mpaka dola 2,000. Hii ya pili inaanzia siku 30 inaenda mpaka mwaka mzima, faini mpaka 4,000, na leseni korti inaweza kuikalia hata miaka 2. Ukifika ya tatu hatuongei tena kosa dogo, hiyo ni feloni, miaka 2 hadi 10 kwa jela ya jimbo. Na hapo hujagusa mtu. Ukigonga mtu akafa, hata kama hujawahi kushikwa maisha yako yote, ni miaka 2 hadi 20. Na mtoto wa chini ya miaka 15 akiwa ndani ya gari, wanaita feloni hapo hapo, hawahesabu mara ya ngapi. Unasema mtoto wako Imani alikuwa kwa mamake usiku huo. Sawa.

Ili uwe nje kwa bondi kesi ya pili watakufungia kale kamashine kwa gari, unapuliza ndio injini iwake, na ukiwa njiani kanakuitisha tena upulize. Usimwambie mtu akupulizie, najua vile unafikiria. Halafu ile notisi ya leseni uliyopewa na polisi, una siku 15 tu za kuomba usikilizwe, zikipita leseni inaenda bila mtu kukuuliza kitu. Umeiweka wapi hiyo karatasi? Kama iko kwa gari na gari iko yadi ya polisi, itafute leo.

Kinachoninyima usingizi lakini sio jela, ni makaratasi yako. Una grinkadi, ile ya kukaa huko Marekani, uraia wenyewe ulikuwa unaomba mwaka huu. Tangu 2019 kuna uamuzi wa Mwanasheria Mkuu wao, kwamba mtu akiwa na hukumu 2 za ulevi barabarani ndani ya ile miaka wanayomchunguza, wanaanza kwa kuchukulia hana ile tabia njema wanayotaka kabla wakupe uraia, halafu kazi ni yako kuwaonyesha kwamba sivyo, na sio rahisi hata. Kwa hivyo huyo wakili wako akikuambia kubali kosa tumalize haraka, usisaini kitu mpaka aongee na wakili wa imigresheni. Wawe wawili. Najua ni ghali.

Pesa ya wakili nitachanga na anko zako, ile ploti ya Juja siuzi na usimuombe mama yako kisiri. Pesa ya kutoa gari yadi sitoi, panda basi. Na pombe, sikuambii uache kwa sababu mimi nimesema, umri wako sikuwezi, ila ukienda huko kwa kina Otis ufunguo wa gari uwache nyumbani.

Mama yako hajui ni ya pili. Mwambie wewe mwenyewe kabla ya Jumapili, na tarehe ya korti ikitoka nitumie kwa WhatsApp.

Dadi