Msifiche chupa: barua kwa wamama wa AVEC za Bukavu

Wanangu wapendwa,

Nawasalimu ninyi nyote wa Kadutu, Bagira na Ibanda mnaokutana kila juma kuweka akiba na kukopeshana. Nimekuwa muuguzi katika vituo vya afya vya mji huu tangu ujana wangu, na hata sasa ninapopumzika bado mnanibishia hodi usiku mtoto akiwaka homa. Mlango uko wazi, wala sichoki. Lakini ninayoyasikia kwenye mikutano yenu yananinyima usingizi: fulani amepona sukari kwa vidonge alivyouziwa na jirani, fulani ametupa dawa za tansio (presha) baada ya kuombewa, fulani anampa mtoto wa wiki tatu maji ya majani kwa sababu tumbo linanguruma.

Sikuandika ili kuwakataza miti. Nililelewa na mama aliyejua majani yote ya shamba letu, na mubirizi mchungu niliunywa kabla sijajua kusoma. Ninaloomba ni hili: mkifika mbele ya muuguzi au daktari, semeni mnachokunywa. Wengi niliowaona wakiharibikiwa hawakuharibiwa na jani peke yake. Waliharibiwa na jani pamoja na kidonge, au jani badala ya kidonge, na sisi tuliowahudumia hatukujua lolote kuhusu hilo jani.

Mji wetu una ushahidi wake. Pharmakina, kiwanda cha dawa cha hapa hapa Bukavu, imetengeneza kwinini, dawa ya malaria, kwa ganda la miti ya kenkina inayopandwa Kivu. Kwa hiyo asiwepo wa kuwaambia kwamba mti hauponyi. Lakini tazameni kinachofanyika kiwandani. Ganda la mti mmoja lina kwinini nyingi, la mwingine kidogo. Mafundi huitoa, huipima, na kila kidonge kinakuwa na kiasi kinachojulikana. Lakini kwenye bidoni (dumu) ya njano ya dawa ya miti pale sokoni Kadutu, muuzaji anapima kwa kifuniko cha chupa. Leo kifuniko kimoja ni hafifu, kesho hicho hicho ni kikali. Kwinini ikizidi masikio yanavuma, macho yanaona ukungu, sukari ya damu inashuka, na mgonjwa anaweza kuzimia huku ndugu wakidhani malaria imepanda kichwani.

Wengi wenu mmepanda artemisia nyuma ya nyumba, kwa hiyo niseme juu yake. Ni kweli dawa kubwa ya malaria tunayotumia leo imetoka kwenye jani hilo. Mama mmoja Mchina, Tu Youyou, aliifanyia kazi na wenzake miaka ya 1970 na kupewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mwanzoni walipochemsha jani halikufanya kazi vizuri. Alirudi kwenye maandishi ya kale ya waganga wa kwao, akaona kwamba wao waliliweka kwenye maji baridi na kulikamua, ndipo akatafuta njia ya kuitoa dawa bila moto mkali. Dawa yenyewe haiyeyuki vizuri kwenye maji. Kikombe chako cha chai kinaweza kushusha homa leo na kuacha vijidudu vingine hai kwenye damu. Homa inarudi wiki ijayo, na vijidudu vilivyobaki vinajifunza kuizoea dawa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halikubali chai hiyo kwa kutibu wala kukinga malaria. Mtoto akiwa na homa, mpelekeni apimwe TDR, kile kipimo cha haraka cha malaria. Ikionyesha malaria, amalize dawa zake za siku 3 hata kama siku ya pili ameanza kucheza.

Sasa nikae kidogo kwenye jambo linaloniuma kuliko yote: puari. Mnaijua, ule mpira mdogo mwekundu unaojazwa maji ya majani, pilipili au sabuni na kuingizwa nyuma kwa mtoto ili «kusafisha tumbo». Nimepokea watoto wachanga waliofanyiwa hivyo mara tatu kwa siku moja kwa sababu walikuwa wanalia. Utosi umezama, macho yameingia ndani, mtoto analia bila machozi. Ukibana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili na kuiachia, inabaki imesimama, hairudi. Huyo ameishiwa maji, na mara nyingi mama ananiambia hakuna alichompa, kwa kuwa shangazi au mama mkwe amemkataza kusema. Ncha ya puari inaweza hata kutoboa utumbo. Mtoto wa chini ya miezi 6 anahitaji ziwa tu. Asipewe maji ya majani, na asipewe asali kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kwa sababu asali inaweza kubeba kijidudu kinacholegeza misuli ya mtoto mchanga mpaka ashindwe kupumua. Akiharisha, mnyonyesheni zaidi na mumlete kituoni mapema. Kwa watoto wakubwa na watu wazima, maji ya SRO, yale ya sukari na chumvi yanayorudisha maji mwilini. Mkikosa pakiti: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visiwe na kilima.

Wajawazito nao wana dawa yao ya kuharakisha uchungu. Majani mengine kweli yanakaza tumbo la uzazi, tena kwa nguvu isiyopimika. Kwa mama aliyewahi kupasuliwa ili azae, kovu la zamani linaweza kuachia, na hapo tunaweza kumpoteza yeye na mtoto kabla hatujafika chumba cha upasuaji. Kama umeshakunywa, usione haya. Mwambie mkunga kabla hajakuwekea dawa nyingine ya kuongeza uchungu juu ya ile uliyokunywa.

Najua mtaniambia: lakini ni ya asili, mama, haina kemikali. Wanangu, huko Brussels kuna wanawake waliotaka kupungua uzito, wakaenda kliniki wakapewa vidonge vyenye mimea ya Kichina. Mahali pa mmea mmoja palikuwa pamewekwa mwingine kimakosa, aristolokia, wenye sumu ya figo. Mwaka 1993 madaktari wa huko walitangaza kwamba figo za wanawake hao zilikuwa zinakufa. Waliopatikana baadaye walipita 100, na wengine wakapata kansa kwenye njia ya mkojo. Hiyo ni Ubelgiji, yenye maabara na wakaguzi kila kona. Kwetu, kidonge kikifika na karatasi ya lugha msiyoisoma, nani amekikagua?

Jihadharini zaidi na dawa inayoondoa maumivu ya viungo usiku mmoja. Mara kwa mara wakaguzi wa nchi mbalimbali wamekuta ndani ya dawa zinazoitwa za miti tupu kumetiwa kisiri deksametazoni, dawa kali ya kutuliza uvimbe, au dawa kali za maumivu. Uso unavimba na kuwa wa mviringo, sukari inapanda, tumbo linapata vidonda, na mtu anajiona amenenepa kwa afya. Na ile mashine ya kushika mkononi inayodai kupima mwili mzima kwa dakika moja kisha ikukute na magonjwa yote ambayo muuzaji ana dawa zake: msiipe pesa ya akiba yenu.

Kwa wenye dawa za kila siku, yaani tansio, sukari, kifafa, TB na virusi vya UKIMWI, nawasihi kwa upendo wote. Usiache kidonge kwa neno la mganga, la muuzaji, wala la mchungaji. Maombi na kidonge havigombani. Omba, umeze, kisha urudi kupimwa. Mtoto wa sukari anayechomwa insulini akiachishwa anaweza kufariki ndani ya siku chache. Na kuna mimea inayoliamsha ini likaharibu dawa kabla haijafanya kazi: milepertui, inayouzwa kwa huzuni na kukosa usingizi, inapunguza nguvu ya dawa za virusi na vidonge vya uzazi wa mpango. Hata vidonge vya kalsiamu na vya kuongeza damu vikimezwa pamoja na dolutegraviri, dawa ya virusi vya UKIMWI, bila chakula vinaizuia isiingie mwilini. Hapo huhitaji kuacha chochote, unahitaji kupangiwa saa.

Waganga wetu si maadui. Nimewajua wazee wanaounga mifupa kwa ustadi, na wengine waliowahi kunitumia wagonjwa wenyewe. Mzuri utamtambua: anauliza unakunywa nini hospitalini, anakubali kusema «hili si langu», hatumii wembe mmoja kwa watu wawili. Akikufunga mkono uliovunjika na vidole vikawa baridi, vikafa ganzi au kugeuka rangi, fungueni palepale na mkimbie hospitali, hata kama ni usiku. Na kukiwa na mlipuko, msipite kwanza kwake. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyofika mpaka Mwenga kwetu, vituo vya tiba ya mchanganyiko, ya kienyeji na ya kisasa, kule Beni vilikuwa miongoni mwa mahali watu walipoambukizana.

Tangawizi ya kutuliza kichefuchefu, asali ya kikohozi kwa mtoto aliyepita mwaka, kukandwa mgongo kwa mafuta ya moto kiasi, chai ya mchaichai jioni: endeleeni. Hivyo havina ubaya kwa wengi wenu, na vinafariji.

Neno kwa wauguzi vijana, najua mtaisoma hii barua kwenye simu za mama zenu. Acheni kufoka. Mama akikemewa mara moja mbele ya foleni kwa ajili ya majani, mara ya pili atadanganya, na wewe utamchoma sindano ukiwa gizani. Ulizeni kwa sauti ya kawaida, kama mnavyouliza umri: «Nyumbani mmempa nini?» Kisha andikeni kwenye fishi, karatasi ya mgonjwa.

Ninyi wamama, siku ya kwenda kituoni wekeni chupa, mzizi au pakiti ndani ya kitenge mwende navyo. Kama hamjui jina la jani, leteni jani lenyewe. Semeni lilianza kunywewa lini, mara ngapi, kikombe gani. Na kikundi chochote kinachotaka nije kukaa nacho baada ya kuhesabu akiba, mtumeni mtoto aniambie siku. Nitakuja, na kila mmoja alete anachotumia nyumbani tukiangalie pamoja, bila kumcheka mtu.

Nawabusu watoto.

Mama yenu, muuguzi wa zamani
Kadutu, Bukavu