Hiyo 22 kwenye karabina si kilo

Mtu akishika karabina, ile pete yenye mlango wa springi ya kuunganishia kamba, swali la kwanza hapa dukani kwetu Ngamiani, Tanga, huwa ni lile lile: "Hii inabeba kilo ngapi?" Fundi wa minara ya simu atauliza hivyo, mpaka rangi wa maghorofa naye hivyo hivyo, hata kijana anayekwenda kupanda miamba ya Usambara siku za mapumziko. Jibu letu huwaudhi kidogo: geuza chuma usome.

Ubavuni mwa karabina ya kweli pana namba tatu, tuseme 22, 8 na 7, kila moja na alama yake. Ni kilonyutoni, zinaandikwa kN, na kN 1 ni sawa na uzito wa kilo mia moja na ushee. Namba kubwa ni pale inapovutwa kwa urefu, mlango umefungwa. Mbili ndogo ni ikivutwa kwa upana, na ikivutwa kwa urefu huku mlango u wazi. Kiwango cha Ulaya cha wapanda miamba, EN 12275, kinataka karabina ya kawaida ifikie angalau 20 kwa urefu, na 7 kwa hizo mbili. Kwa hiyo mchanga ukiuzuia mlango usifunge, nguvu iliyobaki ni kama theluthi moja tu.

"Mimi nina kilo 80, hata hiyo 7 inanitosha mara nane!" Mteja mmoja alitupigia hesabu hiyo kwenye kaunta, na kwa mtu anayening'inia tu hakukosea. Tatizo ni anayeanguka. Huyo huyo wa kilo 80 akidondoka mita 2, halafu kamba ikamsimamisha polepole kwa kunyumbuka mita nzima, mshtuko wa wastani ni kama kN 2.4. Kamba ngumu ikimkatisha ndani ya sentimita 20, unafika kN 8.6. Mtu yule yule, mita zile zile, na ile 7 yake imeshapitwa.

Hapo ndipo katani inapoingia, na sisi watu wa Tanga tunaona uchungu kuisema vibaya. Kamba ya katani ni nzuri kwa kufungia mizigo na mashua, lakini hainyumbuki kiasi cha kumpokea mtu, tena huoza kwa ndani huku nje ikikuchekea. Kamba ya kupandia ni ya nailoni, yenye moyo ndani na ganda nje. Ikiwa na EN 892, maana yake ile ya kutumika moja peke yake imeangushiwa uzito wa kilo 80 angalau mara 5 bila kukatika, na mshtuko wa kwanza haukuzidi kN 12. Yenye EN 1891 hunyumbuka kidogo sana: hiyo ni ya kushukia na kufanyia kazi ukiwa umening'inia, si ya kuangukia. Wateja huzichanganya kwa sababu kwa macho ni ndugu.

Na kofia? Ile ya ujenzi, EN 397, mkanda wake wa kidevu umetengenezwa uachie ukivutwa kwa nguvu ya kilo 15 hadi 25 hivi, usije ukakunyonga kofia ikinasa. Ya wapandaji, EN 12492, lazima ustahimili kilo 50, maana anayeanguka anaihitaji ibaki kichwani.

Vile vikarabina vya rangi rangi vya kuning'inizia funguo tunaviuza pia, hatukatai. Havina namba yoyote ya kN, na vingine vimeandikwa kabisa kwamba si vya kupandia. Tunaviweka kaunta nyingine makusudi.

Namba zote hizo ni za kifaa kipya. Fundo peke yake hula sehemu kubwa ya nguvu ya kamba. Jua huila nailoni, na kamba iliyolala karibu na betri ya gari usiiamini hata ikionekana mpya, kwani asidi haiachi alama kila mara. Chumvi ya bahari yetu nayo hugandisha springi ya mlango: ukirudi kazini suuza kwa maji baridi, kausha kivulini.

Kila Jumamosi asubuhi tunakagua vifaa bure, hata kama hukununua kwetu. Leta kamba tuipapase urefu wote. Tukikuta imekufa tutaikata vipande mbele yako, ukafungie mbuzi.